Uzi wa Bandi

Kisumu hii, Machi hii,
hata shuka usiku unalipiga teke,
nami nashona mfarishi.
Mama Nerea huchungulia dirishani:
"Tena? Wa kumfunika nani, kiboko?"

Neno lenyewe nililikuta kamusini,
mlango wa pili baada ya mfariji,
nikalipangusa vumbi.
Hapa Mamboleo wanasema tu
"yale mablanketi yake ya viraka."

Mimi si fundi. Mchana ni karani wa stoo,
nahesabu glavu na dripu hospitalini.
Jioni nahesabu miraba.
Sina kibanda, simkatii mtu gauni,
na anayeuliza bei namwonyesha kosa,
maana kila mmoja una kosa lake
ninalolijua kama kovu la goti.

Wa kwanza ulipinda kama njia ya kupanda Riat.
Odindo huutandika chini ya gari
akilala chali kukaza nati.
Una oili, una kutu,
na ndio pekee unaofuliwa kila wiki.

Wa pili uko Londiani kwa Akeyo,
kule maji ya asubuhi yanang'ata meno.
Alinipigia: "Shangazi, umechanika kwenye kona."
Nikafurahi, sikumwambia kwa nini.
Mfarishi huchanika kwenye kona
ukivutwa na watu wawili.

Wa tatu uliibwa kambani.
Miezi sita baadaye nikauona Kibuye, Jumapili,
umefunika rundo la viatu vya mitumba.
Sikuudai.
Niliinama kama mteja, nikapima raba za saizi isiyo yangu,
nikatazama mishono.
Ilikuwa imeshika.

Ambayo haijaisha imo kwenye gunia la sukari.
Kuna wa samawati, wa sare kuukuu za shule:
samawati iliniishia Juni,
na samawati nyingine si ile.
Kuna wa pembetatu niliouanza kwa hasira.
Pembe hazikutani.
Basi, zisikutane.

Na kulikuwa na wa arusi ya mdogo wangu, Peres.
Arusi ilivunjika nimebakiza pindo.
Niliufumua usiku mmoja kwa wembe,
stima zimepotea, tochi ya simu mdomoni,
pamba ikinirukia nyweleni
hata asubuhi Odindo akasema
nimezeeka bila kumwaga.

Vipande vile sasa vimo katika huu
ulio magotini pangu:
nyekundu ile, manjano ile,
pazia la ofisi ya mhasibu,
na shati la mitumba lililodariziwa jina mfukoni,
Gerhard.
Simjui Gerhard. Nimemweka katikati.

Nguo ya kuazima, husemwa, haisitiri matako.
Huu wote umeazimwa,
hadi uzi, hadi subana ya marehemu mama mkwe
inayonibana kidole kama alivyonibana yeye.

Niko kwenye bandi.
Mshono mrefu, mweupe, wa haraka,
unaoshikilia tabaka tatu, juu, pamba, bitana,
mpaka mshono wenyewe uje.
Ukija, bandi inachomolewa, inatupwa.
Sijasikia mtu akiisifu.

Jumamosi Peres alikuja, akaketi kwenye ndoo.
Akauvuta uzi mmoja.
"Na huu je?"
"Acha, unashikilia."
Akaacha.
Mkono wake ukapita juu ya Gerhard,
ukafika kwenye nyekundu, ukatulia hapo
muda wa chai kupoa.
Kisha akaomba sindano.

Hajui kushona. Mishono yake
ni kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza,
mmoja huku, pengo, mmoja kule.
Kwa desturi yangu ningengoja aondoke
niifumue yote.

Mvua ya saa kumi ikaangukia mabati,
tukanyamaza kwa sababu hakuna kusikilizana.
Ilipopungua, dirishani:
"Ala! Sasa mmekuwa wawili?"