Gurudumu Kurudi Nyuma

Siku ya kwanza Kageha hakunipa uzi.
Alichana karatasi katika daftari la mwanawe,
yenye mistari, na hesabu za kutoa zilizokosewa,
akasema: fuata mstari. Toboa tu.

Barazani pake pale Majengo,
malori ya mchanga yakiteremka kuelekea Kisumu,
nikaisemesha miguu yangu kama ng'ombe wa kuazima:
kisigino, sasa vidole, kisigino, sasa—
gurudumu likarudi nyuma.
Nikitazama miguu, mkono unapotea.
Nikitazama mkono, miguu inagoma.
Karatasi ilitoka na matundu
kama nyayo za kuku aliyefukuzwa jikoni.

"Wewe una miguu minne," alisema, akimenya ndizi,
"na yote inataka kuongoza."

Wiki ya tatu, uzi.
Ukakatika. Nikatunga. Ukakatika.
Sindano ilipita ukuchani, kidole cha shahada,
na Kageha akaitazama sindano kwanza.
Kisha zikaja sketi za sare, kijani, pindo refu lisilokwisha.
Alilipima kwa macho tu,
halafu, bila neno, akanisogezea wembe.
Machi yote nilifumua.

Lakini kosa lilianza kuwa na sauti.
Kabla uzi haujakatika nikausikia umekaza,
kabla kitambaa hakijajikunja, kiganja kikajua,
nami nikachelewa kidogo tu kujua alichojua yeye.

Nikiulizwa ilikuwa lini, sina siku ya kutaja.
Nina alasiri moja: mvua ya saa tisa imegonga mabati,
mzee Savai amekuja kuchukua suruali yake,
tunabishana bei ya gorogoro la mahindi,
tunapaza sauti kuishinda mvua,
na nilipotazama chini
pindo lilikuwa limekwisha, limenyooka.
Nani alilishona?

Usidhani makosa yaliisha. Yalihama.
Yalitoka kwenye pindo yakaingia kwenye kola,
kola iliponyooka yakajibanza mfukoni,
na kila yalipohamia nilirudi kuwa mtoto,
nikihesabu kwa midomo.

Sasa amekuja Mmbone, amemaliza shule Desemba,
kucha zake bado zina rangi ya sherehe.
Akauliza: unaanza na mguu upi?
Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu.
Nikasema ngoja nikuonyeshe,
nikakaa, nikawaza: kisigino, sasa vidole—
gurudumu likarudi nyuma.
Miaka kumi na minne, na uzi ukakatika
mbele ya wateja wawili na mpita njia.

Kageha, mezani kwake, hakuinua kichwa.
Mabega yake ndiyo yaliyocheka.

Nimemtafutia Mmbone karatasi. Ina mistari.
Uzi nimeuficha.