Kibao Kitupu

Ulikuja na meli ya asubuhi kutoka Nansio,
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kati ya magunia ya dagaa na godoro la mtu anayehama,
mizizi imeviringwa kipande cha khanga kuukuu.
Wenzetu wa bustani ya kisiwani waliandika ubavuni mwa kopo:
Tumeukuta mwambani. Mnaujua?

Hatuujui.

Mimi Milembe, mtunza bustani wa Nyegezi,
niliyeandika vibao mia na arobaini
kwa brashi ya kupakia rangi ya kucha
(mkwaju, furu, mninga, mkuyu),
siku hiyo nilisimama na kibao kitupu
kama mtahiniwa aliyesahau jina lake.

Nikachuma majani, nikayabana daftarini, nikayatuma
Musoma kwa Nyangeta, Bukoba kwa Kokutona,
Geita kwa Lusatila, anayeotesha miche
pembeni mwa shimo la dhahabu lililoachwa.
Bustani tano za miti ya kwetu, ziwa moja,
na konda wa basi ndiye posta.

Nyangeta akajibu: Bibi alifukizia mizinga kwa huu. Jina alikwenda nalo.
Kokutona aliandika majina mawili, akayakata yote mawili.
Lusatila alitafuna jani.
Mchungu, akaandika. Basi.

Jumamosi maharusi walikuja kupiga picha, wakaulizia waridi.
Afisa wa jiji akauliza mbona bustani inafanana na pori.
Nikamwambia: mheshimiwa, pori ndilo lililokuwa hapa
kabla ofisi yako haijapata hata msingi.
Sikumwambia.
Nilimwambia karibu kiti.

Kiangazi kikakaza. Ukoka aliotuletea kwa lori
ukageuka rangi ya mkate.
Ule mche, katikati ya mawe mawili makubwa kama ng'ombe waliolala,
haukuniomba hata kikombe.
Oktoba ukatoa maua madogo, punje za mchele,
na nyuki wakaufikia kabla yangu.
Nyuki hawasomi vibao.

Nimetuma bahasha tatu za mbegu.
Juu yake: Bila jina. Umwagilieni kidogo.

Jana usiku Nyangeta kapiga: Umechipua! Niandike nini?
Usiandike kitu, nikasema, ila kibao kisimike.
Mwenye nyumba hapigi hodi.
Simu ikakatika kabla hajajibu,
lakini nilishasikia, nyuma ya sauti yake,
ndoo ikijazwa maji,
ikijazwa mno.