Gurudumu la Kushoto

Mimi ni mtu wa matanga. Uliza Nyahera, uliza Kajulu,
nani aliwalilia marehemu wao kwa uzi mmoja
hadi wakwe wakatoa noti walizoficha soksini.
Kwa hiyo nilipoingia wadi ya tano, orutu kwapani,
mama mmoja wa Webuye alisimama mbele ya kitanda cha mwanawe,
akatanua leso kama anayezuia kuku:
"Nani kafa hapa? Rudi na kilio chako."

Sikuwa na jibu.
Sista Nyanchama ndiye aliyeniita,
ndiye aliyeipangusa ngozi ya kenge kwa spiriti,
akapangusa upinde, nusura anipanguse na mimi,
akasema, "Piga chochote, ila usiwapigie maombi.
Maombi wamepigiwa hadi wamechoka."

Watoto kumi na wawili.
Vichwa vitupu kama vibuyu vilivyosuguliwa.
Khisa, shavu limevimba upande, kama aliyeficha pera.
Jelimo wa Kapsabet, dirishani, ameupa ulimwengu mgongo.
Nikapiga wimbo wa shule. Kimya.
Nikapiga wa harusi. Mtoto mmoja akajikuna.
Vidole hivi vinajua kuliza,
kuchekesha havikufunzwa.

Ndipo toroli likaja.

Toroli la dawa, ile nyekundu, inayotapisha
kabla haijafika mshipani.
Gurudumu lake la kushoto hulia kwii-kwa, kwii-kwa,
tangu mwisho wa korido, tangu dirisha la malipo,
na kwa kila kwii kuna mtoto anayevuta shuka,
kwa kila kwa kuna anayeanza kumeza mate.

Sijui shetani gani aliniongoza mkono.
Upinde ukasema: kwii.
Toroli likajibu: kwa.
Sista akasimama. Akanitazama.
Akalisukuma kidogo, makusudi, kama anayechokoza mbwa: kwii.
Nikalegeza uzi, nikamjibu kwa sauti ya babu mwenye mafua.
Upande wa dirisha pakasikika kitu kama soda inayofunguliwa.
Alikuwa Jelimo, bado ametupa mgongo,
mabega tu yakiruka.

"Toroli linaomba chai," Khisa akasema kwa nusu ya mdomo.
"Linataka kuoa orutu!"
"Halina ng'ombe hata mmoja!"

Dawa ilitapisha vilevile.
Sidanganyi, mabeseni yalijaa vilevile.
Ila Khisa alitapika, akafuta mdomo, akauliza,
"Limesemaje tena?"

Tukaenda hivyo Jumatano tatu.
Ya nne, fundi Lugalia, mtu mwema,
alikuwa amelipaka gurudumu grisi.
Toroli likaingia kimya kama mdaiwa,
watoto wakashtukia sindano iko juu yao.
"Nani amemkata ulimi?" Khisa akafoka.
Lugalia, mlangoni, akaficha kopo nyuma ya mgongo.

Na kitanda cha dirishani kilikuwa na shuka jipya,
pembe zimekunjwa, nne zote.
Sikuuliza. Sista hakusema.
Mtu wa matanga haambiwi.
Mkono wangu ukaanza kushuka wenyewe
kule unakokujua,
kwenye sauti ile ndefu ya alfajiri.

"Si huo."
Mama wa Webuye alikuwa amesimama tena,
leso safari hii mabegani.
"Huo ukaupige kwao Kapsabet, na nauli nitakuchangia.
Hapa mpe toroli sauti yake."

Nikaukaza uzi.
Tukarudi hadi mwisho wa korido, hadi dirisha la malipo,
tukaanza upya, Sista akisukuma, mimi nikikereza,
kwii-kwa, kwii-kwa,
watu wenye risiti mkononi wakitupisha njia,

na tulipoingia, Khisa,
pera lake limepungua, limebaki kama nusu,
alikuwa ameshika kijiko, anagonga chuma cha kitanda,
anatwambia tumechelewa.