Kibali cha Tandala Mmoja

Karatasi ilisema: tandala mdogo, dume, mmoja,
pori la wazi, mashariki ya Handeni.
Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo,
nguvu ya mhuri naijua:
nikiugonga, watu huja, hata wasiopenda.
Nikadhani na tandala ataitika wito.

Msimu wa kwanza niliwinda mavi.
Makavu, meusi, kama kunde zilizoungulia chunguni.
Nikayafuata korongo hadi korongo,
viatu vipya vikilia nywi, nywi,
kikwata kikinidaka mkono wa shati
kama mdai aliyechoka ahadi,
upupu ukiniwasha hadi kitandani.
Na pori lile si la mtu, ni la kila mtu:
mchoma mkaa ana njia yake humo,
ng'ombe wana yao,
na kila mwenye kibali alikwishapita jana.

Msimu wa pili nikamwendea Sekivunga,
fundi baiskeli pale Kwamsisi.
Ni mdogo kwangu kwa miaka tisa,
ila kule ndani mimi ndiye niliyemwamkia.
Alinitazama miguu kwanza.
"Vua hivyo. Unatembea kama unapeleka hati."

Siku nne hakunipa bunduki.
Alinipa soksi kuukuu imejaa majivu:
nitikise, nione yanakokwenda,
nishike njia ya kinyume.
Alfajiri upepo hushuka na korongo,
jua likipanda nao hupanda,
lakini saa nne, saa tano, haujui unachotaka,
unazunguka kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Hapo kaa.
Ukiinuka, umejitangaza.

Siku ya tano akanifunza kutazama.
"Usimtafute tandala. Hayupo.
Tafuta sikio.
Tafuta pembe iliyokosea kidogo kuwa tawi.
Huku kila kitu kimesimama wima;
ukiona mstari uliolala, huo mgongo."

Nikatazama hadi machozi.
Nikaona magogo mengi yenye migongo.
Nikaona kichuguu, nikakinyatia saa nzima kwa tumbo,
yeye nyuma yangu anakula muhogo
wala hakunizuia.

Msimu wa tatu, Oktoba, ndorobo wananila shingo,
sikio likatikisika.
Sikio tu.
Kisha ubavu, na mistari yake myeupe
kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni,
kisha pembe, zimejisokota,
kisha pua, imelowa.
Hatua sitini.
Majivu yakaenda kando, kushoto kwetu sote.
Maishani sijawahi kuwa na haki kamili namna ile:
kibali mfukoni, upepo, dume, ubavu.
Kidole kikaingia mahali pake.

Nyuma yake, mbali kiasi, baina ya majani,
palikuwa na njano.
Oktoba kule hakuna kinachochanua njano.
Nikaitazama kama nilivyofundishwa, kipande kwa kipande:
mfuniko.
Mpini.
Dumu.
Vidole vinne vimeshika mpini.

Nikakitoa changu. Kilikuwa kizito, kama cha mtu mwingine.
Tandala akasimama palepale akitafuna,
akatafuna tena,
hata upepo ukageuka ukampelekea habari zetu;
akabweka mara moja, kama mbwa,
akawa miti.

Mwenye dumu alikuwa mrina asali, Mhina,
ananuka moshi hadi kope.
"Mmepata?"
"Bado."
"Pori la siku hizi!" akasema, akacheka,
akaketi, akatukatia sega.
Hakujua. Sikumwambia.
Sekivunga, aliyekuwa ameona yote,
ghafla akawa na shughuli kubwa na kamba ya kiatu.

Desemba kibali kilikwisha, sikukirudia.
Asali ilikuwa nyeusi, ya miti ya kiangazi,
na nyuki wawili wamefia humo.
Niliilamba
kwa kidole kile kile.