Kidevu

Upepo hauna sura. Hilo nililijua tangu utotoni,
lakini ni Kveta aliyekuja na kigari chake chekundu
akasema: Borivoj, mbele linaelea.
Nikifika kona ya kanisa usukani unakuwa mwepesi
kama mkono wa mtu aliyesinzia.

Miaka thelathini na mmoja nilitengeneza mbao
za watu kutelezea thelujini.
Kiwanda kilipofungwa nikanunua presi
kwa bei ya chuma chakavu.
Mke wangu aliuliza italala wapi.
Imelala mahali pa gari letu; gari letu linalala nje.

Februari, Moravia, theluji imeziba nusu ya dirisha.
Tulianza na kasha la jokofu:
boksi, penseli, mkasi wa kushonea
(usiniulize niliyoambiwa baadaye).
Nililala chali kwenye saruji, timazi ikining'inia juu ya pua,
Kveta akashikilia boksi chini ya bampa
tukagombania sentimita mbili
kama ndugu wanaogawana kiwanja.

Kisha plaiwudi, tabaka tisa.
Kisha kitambaa cha nyuzi za kioo, na gundi
ambayo haikauki bila joto,
kwa hiyo hita ya bafuni ilihamia gereji
na nyumba nzima tukaoga haraka.
Presi ikashuka, ikaguna vilevile kama zamani.
Nilikaa nayo usiku kucha. Haikuwa lazima.

Msasa wa themanini. Wa mia na ishirini. Wa mia nne,
na maji, hadi kiganja kisione pa kukwama.
Nyaya mbili za chuma kukishikilia kidevu kisishuke,
mapezi mawili ya alumini pembeni,
la kushoto nimelikunja mara tatu, bado lina kiburi.
Nikapanda juu yake na viatu vyangu vya baridi,
kilo themanini na mbili, nikarukaruka.
Kveta akageukia ukuta asicheke.

Machi tulibandika vipande vya sufu nyekundu
kwenye boneti, kwenye mapezi, kila upana wa shibiri.
Akaenda kasi kwenye barabara ya kiwanda cha sukari,
mimi kando yake ndani ya gari la wagonjwa analoendesha kazini,
mwenzake akilikimbiza, dirisha wazi, machozi ya baridi.
Na hapo, nikiwa na miaka sitini na sita,
nikauona.
Ulilala juu ya boneti kama manyoya ya paka anayepapaswa,
ila pembeni kushoto, ambako sufu zilipigana.
Nilijua ni lile pezi.

Aprili alirudi na kidevu mapajani, vipande vitano.
Jiwe la ukingo, kona ya tatu.
Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.
Nikalala chini na tochi: radieta nzima,
mkono wa gurudumu mzima.
Nikamwambia, kimekufa kazini, tengeneza kahawa.
Cha pili nikakifunga kwa boliti laini,
zikatike zenyewe siku ya jiwe.
Kuna vitu unavyotengeneza ili vishike
na vingine ili vijue wakati wa kuachia;
kiwandani tulikuwa tukiuza vyote viwili
na hakuna aliyerudi kutushukuru kwa goti lake.

Siku ya mlima sikusimama kwenye kamba na watu.
Nilikaa kwenye trela, nikimsikiliza akipanda
gia kwa gia, hadi msitu ukameza sauti.
Kwenye kona ya kanisa hakuachia mafuta.
Nilisikia. Au nilitaka kusikia.

Aliposhuka alitaka kunitajia muda wake.
Ngoja, nikasema. Mikono ilihisi nini?
Akafikiri, kofia bado kichwani.
Mzito, akasema. Usukani ulikuwa mzito.

Nikaingia chini ya pua ya gari.
Mbele kabisa, milimita tatu zimelika,
na kwenye mkwaruzo, majani mabichi ya ukingoni.
Kesho nitakunja pezi jipya la kushoto.
Muda wake sikuwahi kuuliza tena;
mke wangu anaujua, ameuandika juu ya hita.