Mafuta ya Ishirini

Mtoto wa Nekesa hajafika kimo cha dirisha langu.
Naona kwanza mkono, kisha chupa,
kisha nasikia sarafu ikigonga waya: ko, ko.
"Mafuta ya ishirini. Mama amesema umpimie vizuri."

Vizuri. Neno hilo hulileta kila jioni
kama lililobandikwa kwenye kizibo.

Duka langu liko Kariobangi, mkabala na mafundi wa vyuma.
Napima huku nyundo zao zikitikisa rafu,
na mkono wangu, nakiri,
umejifunza kutetemeka kwa faida.

Siku hizi hakuna anunuaye kitu kizima.
Mkate naukata nusu, nusu naikata robo,
mche wa sabuni naugawa kwa uzi wa fundi viatu,
majani ya chai nayafunga kwenye vipande vya gazeti,
hata mtu akichemsha anakunywa na habari.
Baba Tsuma, aliyekuwa akibeba bunda zima la unga begani
akisalimia mtaa kwa sauti,
sasa huja saa tatu usiku, kofia usoni,
anasema "nusu kilo"
kama mgeni anayeulizia choo.

Simcheki. Nami nina mtungi wa gesi
ambao tangu Februari ni kigoda cha wageni.
Sukuma inasukuma wiki hadi Jumatano;
kutoka hapo kila mtu anasukuma mwenyewe.

Nina daftari. Lilikuwa la binti yangu Mwende, darasa la nne:
kurasa za mbele ni hesabu za kugawanya,
za nyuma ni majina.
Nyaboke, mia mbili na kumi.
Mzee Lemayian, tumbaku na chumvi.
Fundi Odera, atalipa Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.
Ukilisoma kuanzia mwanzo
utadhani ni hesabu ileile, jibu tu halijapatikana.

Gari la mizigo hupiga honi alfajiri,
bei mpya imeandikwa kwa kalamu juu ya bei ya juzi.
Namuuliza kijana wa gari, kwa nini? Anasema, dola.
Mimi dola sijawahi kuishika hata kwa kuisalimia,
lakini jikoni kwangu inaingia bila hodi,
inafunua sufuria, inaonja, inaondoka.

Lakini chupa.
Leo nimeiinua kwenye taa nione kama ni safi,
nikakuta imekwaruzwa kwa msumari: mistari minne,
mmoja chini ya mwingine, kama ngazi ya kushukia kisimani.
"Nini hii?"
"Ni mama. Anapiga mstari pale mafuta yanapofika."
"Kila siku?"
"Hapana. Ukipunguza."

Wa juu kabisa uko shingoni.
Naukumbuka huo; mtoto huyu alikuwa bado anabebwa mgongoni.
Wa mwisho uko kidole kimoja kutoka kitako.
Sikuona hasira katika mikwaruzo hiyo.
Imenyooka tu, kama kazi ya mtu anayetunza risiti.

Nilitaka kumwambia akamwambie mama yake
si mimi, ni ishirini iliyokonda.
Lakini sarafu ilikuwa kiganjani mwangu,
uzito wake uleule.

Nikamimina. Mafuta yakafika mstari wa nne
na kikopo kikabaki kimeinama,
nami nikihesabu, kodi ya kibanda, nauli ya Mwende, tokeni za stima,
nikihesabu na kukosea na kuanza tena,
yakapita. Yakagusa wa tatu.
Mtoto akaona. Akakaza kizibo haraka
kabla mkono wangu haujakumbuka.

Usiku tumekula ugali na kabeji ya kuchemsha.
Mwende ameniuliza kama naumwa.
Nimemwambia aniletee daftari,
nimetafuta mahali palipo wazi,
na kalamu bado iko hewani.
Sijui niandike jina la nani.