Jezi Kumi na Nane Kambani

Msimu huu nimeuhesabu kwa madoa.
Agosti, majani mabichi magotini: walikuwa wanakimbia.
Novemba, tope mgongoni.
Mtu hachafuki mgongo kwa kushinda.

Hapa Tukuyu mvua haiulizi ratiba ya ligi.
Jezi nazikausha juu ya jiko la mkaa,
moja moja, nikizigeuza kama ndizi za kuchoma,
na timu nzima inaingia uwanjani inanuka moshi wangu.
Wageni kutoka Dar walisema wameletewa mishkaki.
Wakatufunga nne huku wanacheka.

Namba moja, Gwamaka,
ambaye husali kwa kugusa mwamba wa goli kwa kiwiko.
Mechi ya saba mpira ulimpita katikati ya miguu
polepole, kama kuku anayejua njia ya nyumbani.
Tangu siku ile hataki nimfulie glavu.
"Mama Lusajo, hizi zina dhambi."
Nilizichukua alipolala.
Maji yalitoka ya kawaida tu, ya udongo.

Namba tisa, Nyagawa wa Makambako,
aliyepokelewa kwa tarumbeta na pikipiki kumi na mbili.
Magoli matatu, msimu mzima.
Moja refa alilikataa;
mimi bado nalihesabu.

Shaweji, winga, mtoto wa Lindi,
baridi ilimvaa kabla hajavaa jezi.
Alikuwa anacheza na soksi mikononi.
Nilimsikia akimpigia mama yake:
huku kuna joto, mama, joto kama la huko.

Mwenyekiti alikuja na suti yake ya harusi,
akasimama kwenye kizingiti ili asikanyage tope,
akasema mishahara iko njiani, vuteni subira.
Wakaivuta. Desemba wakaivuta, Januari wakaivuta,
Februari ikakatika.

Asubuhi ya safari ya Songea hakuna aliyepanda basi.
Walikaa barazani kwa muuza viazi,
juu ya magunia, kofia za masweta zimeshuka hadi puani,
dereva anapiga honi, anazima, anawasha, anapiga honi.
Kapteni Kihwele alikuwa ameuza simu yake wiki hiyo.
Mkewe alikuwa amejifungua Mafinga, mtoto hajamwona.
Aliinuka, akajipangusa suruali,
akapanda, akakaa kiti cha mbele.
Hakugeuka nyuma. Hakusema neno.
Ilipita kama robo saa, ndipo Gwamaka akafuata,
halafu wawili, halafu Shaweji na soksi zake.
Tulifungwa mbili bila.
Jezi za siku ile zilirudi chafu kuliko zote,
nikazifua bila kuimba.

Mtangazaji wa redio akasema
asiyekubali kushindwa si mshindani.
Basi hakuna washindani kama sisi:
tulikubali Songea, tulikubali Mbeya mjini,
tukakubali nyumbani kwetu, dakika ya tisini na nne,
kwa kichwa cha beki wetu wenyewe.
Na mashabiki? Septemba walijaza mpaka kwenye miparachichi.
Aprili nilikuwa nawajua wote kwa majina,
na mmoja wao alikuwa anamdai Nyagawa.

Tumeshuka daraja Jumapili.
Hakuna aliyelia, isipokuwa mtunza nyasi,
ambaye hata sheria ya kuotea haijui.

Jumatatu walianza kuondoka, begi moja moja.
Shaweji aliniachia soksi zake. Zote mbili za kushoto.
Kocha, wa tatu huyo, aliniachia filimbi; nimeitundika jikoni,
mjukuu anaipuliza nikiunguza maharage.
Namba tisa haijarudi. Sijaiulizia.

Kihwele alikuja mwisho, usiku, analoa.
Jezi yake ameifua mwenyewe, ameikunja
kama mtu anayekunja barua.
"Nisikuongezee kazi, mama."
Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamtakia safari njema,
nikasubiri taa ya bodaboda ipotee kwenye kona ya kanisa.

Kolani ilikuwa bado na povu.
Nikachota maji, nikaisuuza tena gizani.